Msaada wa Kilibula kwa Guinea

Herménégilde alikuwa anapiga randa kitanda cha waziri wa Guinea pale Bwana Ajenti wa serikali ya kikoloni alipoingia uani bila hodi.

Seremala aliiweka randa chini. Nyuma yake, kando ya ukuta, sahani za nusu ya mtaa wa Kilibula, pale Uvira, zilikuwa zinameremeta juani, pamoja na sufuria, taa za mafuta na matela mbili za kulalia.

Yote yalianzia kwenye redio ya jirani, mwaka huo wa 1958. Redio ilisema kwamba nchi moja ya mbali, Guinea, imewaambia Wafaransa "hapana", imepata uhuru wake, na Wafaransa kwa hasira wanafungasha kila kitu na kuondoka nacho: simu, taa, hata sahani.

"Hata sahani!" Seremala huyo hakuwahi kufika mbali kuliko mji wa Usumbura, lakini habari ile ilimnyima usingizi. "Leo iko bale, kesho iko sisi," aliwaambia majirani. "Tukibasaidia, siku yetu ikifika watatukumbuka."

Alipita nyumba kwa nyumba akinong'ona, maana kuitaja nchi iliyosema "hapana" ilikuwa njia fupi ya kwenda kufungwa buloko. Watu walitoa vitu, vikingoja meli kwenye bandari ya Kalundu. Na Pudentienne, mkewe, ambaye kwa kawaida hatoi hata chumvi bila maswali, safari hii alihangaika kuliko wote, akipita nyumba zile zile nyuma ya mumewe. Yeye ndiye aliyesema waziri wa watu hawezi kulala chini.

"Umutengenezee kitanda, Baba Apollinarie. Kipana, ya bantu babili."

"Kipana ya nini?"

"Waziri hana bibi?"

Sasa Bwana Ajenti aliokota sahani moja, akaigeuza. "Hii vitu yote iko ya nini?"

Herménégilde alifungua mdomo. Mkewe akamtangulia.

"Iko vitu ya ndoa, Bwana," Pudentienne alijibu kutoka jikoni, bila hata kuacha kukoroga ugali. "Binti yetu Apollinarie anaolewa."

"Na nani?"

"Na Félicien, fundi wa baiskeli kule Mulongwe."

Herménégilde nusura aume ulimi. Félicien! Kijana huyo alikwisha kuja kuposa, naye akamfukuza. Si kwamba alikuwa na tabia mbaya. Ila nyumba yake haikuwa na hata kijiko, na Herménégilde alikuwa ameapa kwamba binti yake hatatoka kwa baba seremala kwenda kulala juu ya mkeka. Lakini Ajenti alikuwa anamkazia macho.

"Ndiyo, Bwana," akaitikia. "Na Félicien."

"Vizuri sana. Nitakuja."

Alipoondoka, Herménégilde aliangukia kitanda cha waziri. "Umetuua, Mama Apollinarie! Atakuja! Atataka kuona ndoa!"

"Ataiona. Weye utulie. Padri, nitaongea naye minye mwenyewe."

Akajifunga kitenge, akaenda misheni, akarudi anatabasamu. "Padri amekubali yote."

Tangu hapo Herménégilde hakuisha kushangaa jinsi watu wa Uvira walivyojua kudanganya. Padri aliitangaza ndoa kanisani Jumapili baada ya Jumapili bila hata kukohoa, na kusema uongo mbele ya altare si mchezo. Apollinarie alishona gauni, akamlilia mama yake shingoni, tena machozi ya kweli. Félicien naye alitokea akiswaga ng'ombe wa mahari kutoka kwa mjomba wake, kule Nyakabere. Ng'ombe alikuwa na mimba.

"Ulipaswa kuleta mwenye mimba?" Herménégilde alimnong'oneza.

"Bwana Ajenti anajua ng'ombe, baba," kijana alijibu, macho chini.

Neno hilo lilimwingia. Uongo nao hutaka kulishwa ukashiba. Na mtu anayethubutu kuhatarisha ng'ombe na ndama wake kwa ajili ya Guinea si mtu mdogo. Pole pole akaanza kumpenda.

Siku ya siku, Ajenti alikaa benchi ya mbele, kofia magotini. Padri akauliza kama wazazi wanaridhika. Herménégilde alisimama, akalikaza koti, akapaza sauti hadi njiwa wakaruka kutoka kwenye paa.

"Ninaridhika! Kwa moyo wangu wote, mbele ya Mungu na mbele ya serikali!"

Nje, vigelegele vilipasua anga. Ajenti alimpa mkono, akampongeza, akapanda gari akaenda zake. Hakuuliza hata swali moja. Wameshinda! Wanawake walikwisha kujitwika sahani na sufuria, vijana wamebeba kitanda, wote wanaimba na kuelekea Mulongwe, ingawa meli ilikuwa Kalundu, upande mwingine kabisa. Herménégilde alitikisa kichwa kwa furaha. Pudentienne hasahau kitu: huko ni kumpoteza Ajenti njia.

Machozi yakamlengalenga. Alirudi hadi mlango wa kanisa, akamshika Padri mikono yote miwili.

"Padri," akanong'ona, "Guinea haitakusahau."

Padri alimtazama kwa upole, kama mtu anayetaka kusaidia lakini hajui aanzie wapi.

"Guinea gani?"