Jiko la Mama Ubaoni

"Andika vijiti kumi na kimoja, wifi. Nani atajua?"

"Viliungua ishirini na kimoja. Nilivihesabu na wewe ulikuwepo," Akimana alijibu, chaki mkononi.

"Utamwaibisha mama yako kaburini!"

Miaka ile ya kambi ya wakimbizi, huko Ngara, ubao wa Akimana ulisimama kwenye lango la soko. Aliyetaka jiko la udongo aliusoma kwanza: jiko ni la mfinyanzi gani, limeivisha chungu cha maharage kwa vijiti vingapi vya kuni, na waliolitumia wanasemaje. Kuni zilifuatwa mwendo wa nusu siku, kwa hiyo hakuna aliyechagua kwa kubahatisha.

Asubuhi hiyo yalikuwa yamepimwa majiko manne. Matatu hayakuzidi vijiti kumi na viwili. La nne alilifinyanga marehemu mama yake, na wafinyanzi wengi bado waliliiga kwa kumheshimu.

Akimana alipitisha mkono kwenye ukingo wake. Alama ya kidole gumba cha mama ilikuwa pale pale, na chake kiliingia sawasawa. Akamwona tena akipuliza moto, anacheka huku moshi unamtoa machozi.

"Mama ni wangu, wifi," alisema. "Kuni ni za watu."

Akaandika 21, kwa tarakimu kubwa, mstari wa mwisho.

Kisha, kwenye nafasi ya maoni, akaongeza: *Linapasha joto nyumba nzima.*