Sauti ya Bi Shemsa

Koo la Bi Shemsa lilipoharibika, bintiye Ridhia alimwimbia akiwa nyuma ya pazia la ukumbi, naye mama akachezesha midomo jukwaani. Hakuna aliyejua isipokuwa mpiga kinanda.

Arubaini ya mama ilipokwisha, Ridhia alipanda jukwaani mwenyewe.

"Nenda, mwanangu," mpiga kinanda alimnong'oneza. "Leo wataijua sauti ni ya nani."

Aliimba ubeti mmoja.

"Shuka, binti! Unamwiga marehemu!" mzee wa meza ya mbele alimkatiza.

"Tena humfikii hata kidogo!" mwenzake akadakia. Wakacheka.

Ridhia alirudi nyuma ya pazia, akashika kipaza sauti chake cha siku zote, akaendelea. Ukumbi ukanyamaza. Watu walilitazama jukwaa tupu, wakifuta machozi.