Koti Lisilotaka Uongo

Hapa Tukuyu mvua hainyeshi, inaishi. Na tangu makoti yote ya mvua yashonwe kwa kitambaa kinachovuja mvaaji akidanganya, sisi madereva wa bodaboda ndio tunaolowa kuliko wote. Abiria anapiga simu, unamjibu, "Niko hapo kwenye kona," kumbe ndiyo kwanza unafunga zipu. Hujatoka uani, maji yako mgongoni.

Mke wangu, Tusekile, alichoka na kikohozi changu, akanipeleka dukani kwa Mama Ipyana. Nikajaribu makoti chini ya bomba la mvua alilofunga humo dukani kwa kuyapimia. La kwanza lilinikata kwapani. La pili lilikuwa zito kama abiria aliyelala. La tatu likanikaa vizuri, mikono ikanyooka kama niko kwenye usukani.

"Umeacha bia?" Tusekile akauliza.

"Nimepunguza."

Kiwiko kikaloa. Mama Ipyana akacheka mpaka akashika kaunta. "Shemeji, sema kweli tu!"

"Sijapunguza."

Maji yakaacha kupenya palepale. Koti zuri kweli! Kwa furaha nikalivua, nikamvisha Tusekile, nikamsogeza chini ya bomba.

"Zamu yako, Mama Lugano. Ungeanza upya, ungekubali nikuoe tena?"

Koti lilikuwa la saizi yangu. Yeye na watoto wetu wote wawili wangeenea humo ndani.

"Linanibana," akasema, akitafuta zipu.

Alipolivua, blauzi yake ilikuwa imelowa chapachapa. Mama Ipyana akafunga bomba. Safari hii hakucheka.