Hodi ya Tatu

Siku hizi tangazo la biashara haliingii nyumbani mpaka liitikiwe "karibu", na likishaingia halitoki tena. Ndiyo maana hupiga hodi kwa sauti za ndugu.

"Hodi, Mwajabu! Ni mimi mama yako."

Mwajabu alinyamaza, mkono kwenye komeo. Binadamu asipoitikiwa hodi tatu huondoka. Tangazo halichoki.

"Hodi! Jua linaniunguza, we mtoto!"

Akalishika komeo kwa nguvu.

"Hodi! Au umeniona mchawi?"

Kisha kandambili zikaburuzika kurudi barabarani. Kumbe mama kweli! Mwajabu akafungua mlango kwa pupa, akaita, "Karibu, mama! Karibu!"

Mama aligeuka. Kabla hajajibu, ndani ya nyumba sauti kama yake ikasema, "Ahsante, mwanangu. Leo unafulia sabuni gani?"