Sauti Niliyoiachia Nyumba

Huku Oslo, mgeni aliyekaa sana haondoki mpaka sauti yake iwekwe ukutani, ibaki ikipiga soga na wenyeji. Basi wiki yangu ya mwisho nikaifundisha vituko vyangu vyote: kumsuta jirani asiyesalimia, kumwita mjukuu wangu Shomari "mume wangu".

"Mama, utaniharibia nyumba!" Binti yangu Mwanahawa alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya safari nikasimama mlangoni na begi. "Mume wangu, njoo uniage!"

"Usitoke, mume wangu, kuna baridi," ukuta ukasema.

Shomari akaukumbatia ukuta. "Haya, mke wangu."

Nikacheka. Kisha nikamnong'oneza Mwanahawa, "Huyu mwanamke hazimwi?"

Kabla hajajibu, ukuta ukasema kwa sauti yangu mwenyewe, "Safari njema, mke mwenzangu."