Nyumba Iliyofundishwa Kuvuruga

Siku hizi nyumba zote hujipanga zenyewe: ukirudi jioni, kila kitu kiko mahali pake. Ya Bi Sikudhani peke yake ndiyo iliyofundishwa kuvuruga.

Enzi za watoto wake wanne, nyumba hiyo ilikuwa kioja cha mtaa. Kitanda kilikaa jikoni, kuta zilijaa michoro ya samaki wenye miguu, na mlango wa mbele uling'olewa ukafanywa meza ya kulia. Majirani walisema, "Hawa wana wazimu." Sasa watoto wamehama, kila mmoja na nyumba yake inayong'aa, wala hawaji.

Basi kila asubuhi Bi Sikudhani huiambia nyumba, "Haya, vuruga!" Nayo hutawanya viatu, huchora samaki, hupindua vikombe.

Jana alikanyaga chai sakafuni, akafoka kwa mazoea, "Nani kamwaga chai hapa?"

Mara, kutoka chumba cha nyuma, sauti nne za kitoto zikaitikia kwa pamoja, "Si mimi, mama!"

Hilo hakuwahi kuifundisha. Alichukua tambara, akapiga magoti, akapangusa, huku kule chumbani kicheko kikizibwa kwa mto.

Wala hakwenda kuchungulia.