Gari Lililoangalia Mteremko

Mshonaji aliliegesha gari likiangalia mteremko, akaliacha limezimwa tangu alfajiri ili mnunuzi alikute limepoa. Alijaza maji kwenye rejeta hadi shingoni, akafuta madoa ya kutu yaliyokaukia kwenye kifuniko. Kitambaa alichofutia alikificha chini ya cherehani kama kitu cha wizi.

Fundi wake ndiye aliyemfundisha. Gasketi ya silinda hedi imeungua, alimwambia, na kuibadilisha ni kufumua injini. Kwa hiyo mteja akija, mteremke naye hadi kituo cha mafuta, mpinde kulia, mrudi kwa barabara ya tambarare. Dakika kumi na mbili, basi. Likiona mlima, au likitembea nusu saa, linachemsha.

Alilinunua miezi kumi iliyopita kwa mafao ya baba yake, kwenye yadi ya dalali mmoja mji wa pili. Kadi aliikuta tayari ina jina la dalali. Lilikuwa gari la kijivu, la juu, la viti vitano, na alilitaka ili ampeleke baba hospitali kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Tangu hapo alibadilisha shokapu, beringi za mbele na pampu ya maji. Kila gauni aliloshona liliishia gereji. Mara tatu baba alifika hospitali amechelewa, na mara moja alifikishwa na lori la mchanga, amekaa mbele katikati ya makuli wawili. Akiliuza, atapata teksi za mwaka mzima. Asipoliuza, hajui baba ataendaje.

Mnunuzi aliliona tangazo lake, akapiga simu mwenyewe. Aliuliza mambo mawili tu: kama gari limewahi kuumiza mtu, na yeye mshonaji alilinunua kwa bei gani. Mshonaji alijibu la kwanza haraka na la pili kwa aibu. Mnunuzi akasema atalipa hiyohiyo. Tangazo lenyewe lilikuwa limeomba pungufu.

Huyu hajui kununua, mshonaji aliwaza, na chakula cha mchana siku hiyo kikamshinda.

Mnunuzi alikuja kesho yake saa nne asubuhi, mzee mrefu mwenye kofia, shati lake limepigwa pasi upande mmoja. Hakufungua boneti. Hakupiga teke tairi kama wenzake waliotangulia. Alisalimia, akaomba ufunguo, akaingia.

Mambo yalikwenda vizuri hadi kituo cha mafuta. Pale mshonaji alisema wapinde kulia. Mzee akapinda kushoto, wakaanza kuupanda mlima wa hospitali.

"Nataka kuliona likipanda," alisema.

Mshale wa joto ukaanza kusogea. Mshonaji akaanza kuongea: bei ya vitambaa, mvua zilizochelewa, chochote. Mshale ukavuka katikati. Jua lilikuwa linachoma, na mzee, bila hata kuangalia, akanyoosha mkono akawasha hita hadi mwisho. Hewa ya moto ikawapiga usoni.

Maskini, anatafuta kiyoyozi. Moyo ulimuuma zaidi. Alikuwa anamtapeli mtu asiyejua hata vitufe vya gari. Alitaka kumsahihisha, lakini mshale ulikuwa umeanza kurudi chini, akafunga mdomo. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akaona haya kwa kumwingiza Mungu kwenye jambo kama hilo.

Waliporudi, baba yake alikuwa amekaa mlangoni, mguu mmoja juu ya kigoda.

"Karibu, mzee mwenzangu," baba alisema. "Hilo gari lina adabu sana. Likikutana na mlima linasimama kuuamkia."

Mshonaji alimkata jicho. Mgeni hakucheka. Aliuliza gari lilikuwa likiwapeleka wapi, na baba akamsimulia habari za figo zake, hata ile siku ya lori la mchanga, akiichekesha kama kawaida yake: jinsi makuli walivyomwambia ashuke kwanza yeye kwa sababu ndiye mzigo mwepesi. Mgeni alivua kofia, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Ndani, kwenye meza ya kukatia nguo, mzee aliweka bahasha katikati ya vipande vya kitambaa na kuomba kadi ya gari. Mshonaji aliitoa, lakini vidole vyake havikuiachia. Aliuliza nani atakuwa analiendesha.

"Sitaki mtu mwingine aliendeshe," mzee alijibu. "Nitaliendesha mimi tu."

Mshonaji alimwona akilini, peke yake njiani, boneti wazi, mvuke umemfunika uso. Akairudisha kadi mfukoni mwa gauni lake.

"Mzee, chukua pesa zako," alisema. "Linachemsha. Nilijua tangu mwanzo. Ule mteremko nilikupitisha kwa makusudi. Nimekuficha, na nimekuachia ulipe zaidi ya nilichoomba. Likitembea nusu saa litakufia njiani."

Nje, baba yake alikuwa akikohoa. Mzee alisikiliza kikohozi kile hadi kikaisha, kisha akaisukuma bahasha polepole mpaka ikamgusa mshonaji mkono.

"Dakika ishirini, ukiwasha hita," alisema, macho yake chini. "Siku nilipolipeleka kwa dalali aniuzie, nusu saa lilikuwa halifiki."